Modemu iko "registered" lakini data haiendi: hiyo skripti ya kuristati ndo inakumaliza

Swali: Habari mkuu. Nina kakompyuta kadogo ka Linux kenye modemu ya USB, kanasoma kiwango cha maji kwenye tangi na kutuma namba kwenye seva kila dakika 10, programu nimeandika mwenyewe kwa Python. Kikiwaka kinapiga `mmcli -m 0 --simple-connect` (mmcli ndo komandi ya ModemManager, programu inayoendesha modemu) halafu `dhclient wwan0` ya kuomba IP, na intaneti inakuja vizuri. Baada ya masaa kadhaa data haiendi tena, ila mmcli inaonyesha registered, mnara asilimia 70, na IP bado ipo. Jamaa akanipa skripti ya cron (ratiba ya Linux ya kuendesha komandi zenyewe), kila dakika 5 inaping, ikikosa jibu inarusha `AT+CFUN=1,1` (amri ya modemu ijizime na kuwaka upya) kwenye /dev/ttyUSB2 ambayo ni poti ya modemu, inatuma PIN, halafu inaristati ModemManager. Ilisaidia siku mbili tatu. Sasa modemu inapotea kabisa, na juzi nimebadilisha laini, saa hiyohiyo ikadai PUK, ile namba ya kufungua laini iliyofungwa kwa kukosea PIN. Nitumie komandi gani yenye nguvu zaidi ya kuilazimisha iunganishe?

Jibu: Salama mkuu. Komandi yenye nguvu zaidi haipo, na hata ingekuwepo nisingekupa. Futa kwanza huo mstari kwenye cron ndo uendelee kusoma, maana ukichelewa dakika 5 unaweza kuta imeshaharibu kingine.

Hiyo skripti naijua vizuri sana, naletewa karibu kila wiki, inabadilika jina tu, mara "reconnect" mara "watchdog" mara "fix-modem", ndani ni yaleyale, piga ping, ua, washa, lala sekunde 30, rudia. Na kila anayekupa anaapa kwake inafanya kazi. Kweli inafanya, kwa sababu ukizima kitu na kukiwasha kuna matatizo mengi yanaondoka kwa muda, sasa mtu anaona yamepona kumbe hajui hata lilikuwa tatizo gani.

Tuanze na neno lililokudanganya: registered. Watu wengi wakiona registered na asilimia za mnara wanajua intaneti ipo, hapana jamani. Registered maana yake mnara umekutambua, laini yako inaruhusiwa kuwa pale, basi. Njia ya data ni kitu kingine, ModemManager inaiita bearer, na hali ya modemu ikiwa na njia hiyo inaandikwa connected. Kwenye namba za ndani kabisa registered ni 8, connecting ni 10, connected ni 11. Wewe uko 8. Yaani mmcli ilikuwa inakuambia ukweli siku zote, kwamba data haipo, wewe ukawa unaisoma kama habari njema.

Sasa kwa nini ilishuka kutoka 11 kwenda 8? Sababu ziko nyingi na nyingine ni za kawaida kabisa, mtandao umekata kikao kilichokaa muda mrefu, modemu imehama kutoka 4G kwenda 3G na njia haikuhamishwa vizuri, mnara umefanyiwa matengenezo usiku. Hutakuja kuzuia hilo, mtandao wa simu ndivyo ulivyo. Swali la maana ni nani anatakiwa kuunganisha tena ikishuka, na kwako jibu ni hakuna mtu. Hiyo `--simple-connect` inaunganisha mara moja, ikimaliza imemaliza. ModemManager haina kazi ya kukumbuka kwamba ulitaka intaneti, yenyewe inaendesha modemu inapoagizwa, anayekumbuka na kurudia ni NetworkManager, programu ya Linux ya kusimamia mtandao, na wewe hujaiweka kabisa kwenye hii kazi.

Na ile IP inayobaki ni mabaki tu. dhclient iliiandika kwenye wwan0 asubuhi, njia ikakatika saa nane, hakuna aliyeenda kuifuta. Ukipiga `ip addr` unaiona imekaa pale kama nguo ya mtu aliyehama. Kwenye njia mpya unaweza kupewa IP nyingine kabisa, kwa hiyo kuangalia kama IP ipo sio kipimo cha chochote.

Angalia skripti inachofanya hapo sasa. Inakosa ping, inaandika AT kwenye ttyUSB2, poti ambayo ModemManager nayo inaweza kuwa inaitumia muda huohuo. Wasomaji wawili kwenye poti moja wanagawana majibu, huyu anapata nusu ya herufi na yule nusu, ModemManager inasubiri OK ambayo imeshamezwa na kitu kingine. Halafu CFUN inaizima modemu nzima, inadondoka kwenye USB, na stiki nyingi zikizaliwa upya zinakuja kwanza kama CD yenye draiva za Windows, mpaka usb_modeswitch iistue ndo inageuka kuwa modemu. Ukiwahi kupiga `lsusb` utaona mfano Huawei inatokea kama 12d1:1446 na sekunde chache baadaye namba ya nyuma imebadilika. Poti zinazaliwa upya pia, na kama kuna programu bado imeshikilia ttyUSB2 ya zamani, mpya inapewa ttyUSB3. Kesho yake skripti inarusha AT kwenye poti ambayo sio yenyewe. Na katikati ya hayo yote, wakati ModemManager imeanza tu kuitambua modemu, wewe unairistati. Halafu unasema modemu inapotea. Itakaa vipi?

Hata hiyo `-m 0` ni mtego. Modemu ikidondoka na kurudi huku ModemManager iko hewani inapewa namba mpya, Modem/1, Modem/2, na kuendelea. Tumia `-m any` kama una modemu moja.

La PUK nalo ni hilohilo. Umebadilisha laini, PIN ya zamani imebaki ndani ya skripti. Laini inakubali PIN mbaya mara 3 tu. Kila dakika 5 jaribio moja, robo saa imeisha biashara. Ingiza PUK kwa mkono wako ukiwa umetulia, maana ukikosea hiyo mara 10 laini inakufa moja kwa moja, halafu uizime PIN kwenye kifaa cha namna hii: `mmcli -i 0 --pin=PIN_YAKO --disable-pin` (kama laini sio namba 0, `mmcli -m any` itakuonyesha namba yake). Kama lazima ibaki, iweke sehemu moja tu kwenye NetworkManager.

Kuna jingine ambalo hawa wagawa skripti hawalijui. Modemu yenyewe ina adabu yake ya kusubiri. Kwenye 4G, ikijaribu kujiandikisha ikakataliwa, inangoja kama sekunde 10 inajaribu tena, ikishindwa mara 5 inakaa kimya, kwa kawaida dakika 12, ndo ianze upya. Hiyo imewekwa kwenye viwango vya 3GPP (kanuni za kimataifa za mitandao ya simu) makusudi ili vifaa visiusumbue mtandao ambao tayari una shida. Wewe kila dakika 5 unafuta hesabu na kuanza kugonga upya, ukiwa na tangi moja hakuna atakayekuona, ukiwa na vifaa mia mbili vyote vinagonga pamoja baada ya mnara kurudi, usishangae laini zikifungwa.

Basi fanya hivi. Toa simple-connect na dhclient kwenye kuwaka, mwachie kazi mwenye kazi (APN ni jina la njia ya intaneti la kampuni ya laini yako):

`nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name tangi apn APN_YAKO`

`nmcli connection modify tangi connection.autoconnect-retries 0`

Hiyo ya pili ndo watu wanaisahau halafu wanarudi kulalamika kwamba NetworkManager nayo imekata tamaa. Ukiiacha kama ilivyo inajaribu mara 4 halafu inapumzika, sifuri maana yake usichoke. IP na ruti itaziweka yenyewe kulingana na bearer inavyosema, na hapa kuna modemu mpya za QMI (lugha ya kisasa ya kuongea na modemu) ambazo zinataka raw-ip, yaani pakiti za IP tupu bila vichwa vya Ethernet, dhclient ya mkono kwenye hizo utasubiri jibu mpaka kesho.

Kisha fungua tu dirisha moja na uache hii ikimbie usiku mzima:

`mmcli -m any -w`

Asubuhi utakuta mistari kama `State changed, 'connected' --> 'registered'`, na baada yake, kama mambo yako sawa, registered kwenda connecting, connecting kwenda connected. Hapo unaona kwa macho yako ilianguka mara ngapi na ilirudi baada ya muda gani, bila kukisia. Kama unataka programu yako ya Python ijue hali, usiwe unaiuliza kila sekunde, sikiliza ishara ya StateChanged kwenye D-Bus (njia ya programu za Linux kupeana habari), inakupa hali ya zamani, mpya, na sababu. Na usikilize pia modemu inapoondolewa, maana kosa ninaloliona kwenye programu nyingi za watu ni hili, zimeagiza kuunganisha, modemu ikachomoka katikati, programu inabaki inasubiri jibu la modemu ambayo haipo tena duniani. Ikichomoka, futa agizo lote, anza na ile mpya ikija. Na ukiwa connecting usiagize tena, subiri, inaweza kuchukua muda mnara ukiwa mbali, watu wanaweka kikomo cha sekunde 10 wanaiua ikiwa inakaribia kufaulu.

Halafu programu yako yenyewe nina mashaka nayo. Nikiwekeana dau ningesema unatumia requests (maktaba ya Python ya kutuma data kwenye seva) bila timeout, yaani kikomo cha kusubiri. Bila timeout haina kikomo, njia ikifa katikati soketi inabaki inasubiri jibu kwa IP ambayo sio yako tena. Hata ukiwasha keepalive (kuulizia kama upande wa pili bado upo), Linux bila kuiseti inaanza kuulizia baada ya sekunde 7200, masaa mawili hayo. Kwa hiyo inawezekana kabisa intaneti ilirudi zamani na programu imelala tu. Weka timeout ya sekunde 30 hivi, ikishindwa hifadhi namba kwenye faili, tuma zote ikirudi. Maji kwenye tangi hayaendi popote.

Kabla ya yote hayo lakini angalia `dmesg`, logi ya kernel ya Linux. Ukiona `USB disconnect` saa ambazo hukuwa umeigusa na skripti imeshatolewa, achana na programu, hiyo ni umeme. Poti ya USB 2.0 inaahidi mA 500, modemu ikiwa mbali na mnara inapotuma kwa nguvu inaweza kuvuta zaidi ya hapo kwa kushtukiza, umeme unashuka, inajizima. Tafuta habu yenye umeme wake au kebo fupi nene. Nimeshamwona mtu ameandika mistari mia tatu ya kurudisha modemu ambayo tatizo lake lilikuwa kebo ndefu nyembamba.

Kama bado unataka mlinzi wa ping, sawa, simkatazi mtu, kuna wakati hali inasema connected na data haipiti kweli. Ila awe na akili. Apige ping kupitia wwan0 kwenye seva yako mwenyewe, akose mara kadhaa mfululizo ndo aamini, kisha aanze na jambo dogo, `nmcli connection up tangi`, basi. Ikishindwa asubiri dakika 1, halafu 2, halafu 4, halafu 8. `mmcli -m any --reset` iwe ya mwisho kabisa na isizidi mara moja kwa saa, na hata hiyo sio modemu zote zinaikubali. AT ya mkono isiwepo popote, na kama kuna sababu ya kweli ya kuitaka, toa poti moja kwa kanuni ya udev (inayosimamia vifaa vinavyochomekwa kwenye Linux) yenye ID_MM_PORT_IGNORE, hapo ModemManager haitaigusa na hamtagombana.

Utakuja kuambiwa pia "toa ModemManager, ni takataka, weka wvdial". Hiyo sifa mbaya ina historia, zamani ilikuwa inachokonoa kila poti ya serial inayochomekwa, watu wa Arduino waliteseka kweli, siku hizi inachagua cha kugusa. Na wvdial inapiga PPP ya `ATD*99#`, njia ya kizamani ya data, kwenye modemu ya QMI au MBIM (mwenzake QMI) unaacha njia ya kisasa unaenda kupita kwenye uchochoro, mwendo unashuka na hali ya bearer huioni tena. Anayekushauri hivyo muulize modemu yako ni ya QMI au MBIM au PPP. Akishindwa kujibu, mshukuru uondoke. Na akifika kwenye kusema tuiflashi firmware ya modeli nyingine inayofanana, ondoka bila kushukuru, hizo nimezipokea nyingi zimekuwa mawe.

Ukifanya haya ikagoma, piga `mmcli -G DEBUG`, iache mpaka ianguke, nitumie `journalctl -u ModemManager -u NetworkManager -b` pamoja na dmesg ya saa hizohizo. Kabla hujatuma futa IMEI (namba ya modemu), IMSI (namba ya utambulisho wa laini) na namba ya simu, kwenye logi za namna hiyo zinaweza kuwepo wazi, na watu wananitumia hivyohivyo.