Maswali ya Wasomaji: Je, Tununue Taimushea Karibu na Disney?

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni familia ya watu watano tunaoishi Columbus, Ohio, na watoto wetu wana miaka 12, 9 na 6. Kiangazi kilichopita tulikwenda Orlando, Florida, kuwapeleka watoto Disney, tukakaa hoteli ya Kissimmee kwa dola 95 kwa usiku, kodi ikiwemo. Hapo tuliahidiwa tiketi za bei nafuu kwa sharti la kuhudhuria maelezo ya mauzo, na humo tukashawishiwa kwa saa nyingi kununua taimushea, yaani haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa kipindi fulani kila mwaka. Hatukutia saini, ila mume wangu anaona tumepoteza bahati, hasa kwa kuwa rafiki yetu ni mwanachama wa ile ya Disney yenyewe tangu miaka ya tisini na anaisifu sana. Kipato chetu ni cha kawaida. Je, tununue?
Mama wa watoto watatu, Columbus

JIBU: Dada yangu, kwa hali uliyoieleza, msinunue. Nasema hivyo nikiamini kabisa kwamba rafiki yenu anasema kweli. Disney Vacation Club, yaani taimushea ya Disney yenyewe, ilianza mwaka 1991. Humo hununui juma, bali pointi, ambazo hupewa upya kila mwaka na kuzitumia kulipia vyumba; walionunua mapema walilipa chini ya dola 60 kwa pointi moja. Leo anayenunua moja kwa moja kwa Disney hulipa zaidi ya dola 200 kwa pointi katika majengo mapya. Rafiki yenu anafurahia bei ambayo nyinyi hamtaipata.

Muuzaji wa taimushea hukuwekea mezani bei ya hoteli ya kifahari, akaizidisha kwa miaka 30, kisha akakuonyesha kwamba kununua ni nafuu. Hesabu yake inaweza kuwa sahihi, lakini inamhusu mtu ambaye tayari hulala kwenye hoteli ya kifahari. Nyinyi mlilala Kissimmee kwa dola 95, kwa hiyo juma zima la usiku saba lingewagharimu dola 665, na hiyo ndiyo bei mnayopaswa kuilinganisha na taimushea.

Tuchukue mfano wa Kidani Village, sehemu ya hoteli ya Disney iitwayo Animal Kingdom Lodge, ambako katika baadhi ya vyumba mtu hufungua mlango wa roshani asubuhi na kuwaona twiga wakila majani. Haki za wamiliki wake zinakwisha mwaka 2057, na baada ya hapo hubaki huna kitu. Tuseme mmepata pointi 150 kwa dola 200 kila moja: hizo ni dola 30,000. Ukizigawa kwa miaka 30 hivi iliyobaki, ni dola 1,000 kwa mwaka, nanyi hamjagusa bado ada ya mwaka ya matengenezo. Tukikadiria ada hiyo kuwa dola 9 kwa pointi, ni dola 1,350 nyingine kila mwaka, nayo hupanda karibu kila mwaka na hudaiwa hata msipokanyaga Florida. Kwa hiyo ada peke yake, kabla ya kuhesabu bei ya kununulia, inazidi maradufu ya hoteli yenu ya Kissimmee. Na kama fedha za kununulia ni za mkopo kutoka kwa muuzaji mwenyewe, ambao kwa kawaida riba yake iko juu sana kuliko ya mkopo wa nyumba, hesabu inaharibika kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kununua. Vyumba vingi vya studio vya Disney vimepangiwa watu wanne, na asiyehesabiwa ni mtoto aliye chini ya miaka mitatu tu. Nyinyi ni watano. Mtalazimika kuchukua nyumba yenye chumba cha kulala na sebule, ambayo kwa juma hilo hilo hula karibu maradufu ya pointi za studio. Pointi 150 hazitawatosha kila mwaka. Mtaanza kukopa za mwaka ujao, na mwaka ujao mtakosa za kutumia.

Halafu pointi hazinunui tiketi za kuingia bustani za burudani za Disney. Kwa familia inayobana matumizi, tiketi ndizo zinazoumiza, maana siku moja ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, kwa mtu mzima hupita dola 100 na katika siku za sikukuu hupanda mno, na kila mtoto kuanzia miaka mitatu hulipiwa. Sidhani ni busara kufunga dola 30,000 katika kitanda ilhali mzigo mzito uko getini.

Zile za Kissimmee na Orlando zisizo za Disney, ambazo nadhani ndizo mlizoonyeshwa, nazitilia shaka zaidi. Baadhi ni za hati ya kudumu, maana yake ada haina mwaka wa mwisho. Nyumba za namna hiyo ziko nyingi mno Orlando, na ndiyo maana wamiliki waliochoka huziuza mtandaoni hata kwa dola moja, wakitafuta tu wa kuwapokea mzigo wa ada. Kitu ambacho jirani anakigawa karibu bure, kwa nini mkinunue kwa maelfu ya dola?

Kama mnatamani jiko la kupikia na sebule, na kwa watoto watatu naielewa haja hiyo, kodini kwa mmiliki. Wamiliki wengi wa nje ya Disney hukodisha juma lao kwa bei isiyozidi ada wanayodaiwa, ilimradi wasipate hasara yote. Hata pointi za Disney hukodishwa, kwa bei ya karibu dola 20 kwa pointi, kupitia madalali wanaoaminika. Mtaonja raha hiyo mwaka mmoja, na mwaka wa arusi au wa kwenda kuwasalimia wazee nyumbani hamtadaiwa chochote.

Anayefaidika na ile ya Disney ni mtu aendaye karibu kila mwaka, mwenye fedha taslimu, awezaye kupanga safari miezi 11 kabla, na ambaye hata bila taimushea angelala hoteli ghali za humo ndani. Huyo naye namshauri anunue kwa mmiliki wa awali kupitia dalali, kwani bei hushuka sana, akijua kwamba tangu mwaka 2019 mnunuzi wa namna hiyo haruhusiwi kutumia pointi zake katika baadhi ya majengo mapya ya Disney kama Riviera.

Mwisho, kama mume wako atashawishika tena, jueni kwamba sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila adhabu, zikihesabiwa tangu kutia saini au kupokea hati ya mwisho, lipi lililotokea baadaye. Haki hiyo haiwezi kuondolewa na maneno ya muuzaji. Andikeni barua, ipelekeni kwa anwani iliyotajwa ndani ya mkataba, na mtunze risiti ya posta.

SWALI: Baba yetu alifariki akiwa na taimushea ya Orlando. Sasa mtu ametupigia simu akisema amepata mnunuzi, bali tulipe kwanza dola 2,000 za kushughulikia hati. Tufanyeje?
Msomaji, Houston

JIBU: Poleni kwa msiba. Msilipe hata senti. Kudai ada kabla ya mauzo ndiyo alama kuu ya matapeli wa taimushea, na mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliweka vikwazo dhidi ya watu na kampuni zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco la Mexico kwa ulaghai wa namna hii. Kuhusu urithi, msilipe ada wala msiitumie nyumba hiyo kabla ya kumwona wakili wa mirathi, kwa sababu mrithi anaweza kuukataa urithi kwa maandishi, na kuanza kuutumia kunaweza kumfungia njia hiyo. Wakati huo huo, anayesimamia mirathi aiandikie kampuni yenyewe na kuiuliza kama inakubali kurudishiwa nyumba zilizokwisha kulipiwa; kampuni kadhaa kubwa zina utaratibu huo.