Usilitazame fuvu ukausahau mguu

Juzi msomaji mmoja, binti wa kidato cha sita, ameniandikia kutoka hapa hapa Moshi: "Shikamoo dada. Nataka kusomea mifupa ya watu wa kale, nije nipime vinasaba kama walivyopima mafuvu ya Old Moshi kule Ujerumani. Baba anasema huo ni ushirikina. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyo hiyo, kwa hiyo nawajibu wote. Naanza na aibu yangu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimerudi Kibosho likizo, kichwa kimejaa. Vijana wa baba mdogo walikuwa wakichimba shimo la choo kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, sururu ikagonga fuvu. Kazi ikasimama. Mtu akasema, "Si tuna msomi? Mwiteni." Nilitembea kati ya migomba kama mkaguzi aliyetumwa na wizara.

Nikashuka shimoni, nikalinyanyua fuvu bila kumwomba mtu ruhusa, bila hata kupiga picha ya jinsi lilivyolala. Nyonga ilikuwa imepondwa na sururu, sikuhangaika nayo. Nikatazama paji la uso, nikatangaza: mwanamume, mzee, mvuta tumbaku kwa kuwa meno ni ya kahawia, na amelala hapa si chini ya miaka mia tatu, maana udongo wa kina kile ni wa zamani sana. Wakanipigia makofi. Baba mdogo akaagiza mbege, pombe yetu ya ndizi.

Bibi alikuwa kimya kwenye kigoda chake. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, mguu wa kushoto umeutazama?"

Sikuwa nimeutazama. Muundi ulikuwa na nundu katikati, umeunga ukiwa umepinda.

"Huyo ni mama mkwe wangu," akasema. "Aliteleza mferejini akavunjika, wakamfunga vijiti. Tulimzika nikiwa na mimba yangu ya kwanza. Masale tuliyopanda kuwa alama ya kaburi lake yaling'olewa na nani, mimi sijui."

Watu wote wakamgeukia baba mdogo. Mimi nilikuwa bado nimelishika fuvu. Nilikuwa nimemshika kichwa mama mzazi wa babu yangu, nikimwita mwanamume.

Na yale meno? Alizaliwa Ngarenanyuki, Umeru. Maji ya kule yana floridi nyingi mno, na anayeyanywa utotoni, jino likiwa bado linaundwa, hukua na doa la kahawia lisilotoka tena. Mfupa hujijenga upya maisha yote, lakini gamba la jino likishakamilika halibadiliki. Ndiyo maana wataalamu hupima madini ya strontiamu kwenye jino kujua mtu alikulia wapi: miamba michanga ya volkeno kama ya Meru na Kilimanjaro ina alama yake, miamba mikongwe ina yake. Mama wa watu alikuwa amebeba kwao kinywani, mimi nikasema tumbaku. Nusu ya Arusha ina meno hayo! Nilipanda nao daladala kila siku.

Kosa la udongo sikulifanya peke yangu, na hilo hunifariji kidogo. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alipata mifupa ya mtu pale Olduvai, akaamini ana umri mmoja na tabaka la udongo alimolala, yaani wa kale mno. Baadaye ikaonekana ana takriban miaka 17,000 tu. Alikuwa amezikwa. Kaburi huchimbwa kutoka juu, kwa hiyo maiti hulala katikati ya udongo uliomtangulia kwa mbali. Tafuta kwanza ukingo wa shimo, rangi ya udongo uliorudishiwa, ndipo utaje umri.

Sasa hayo ya Old Moshi. Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake. Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayotunza mafuvu yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni ikatangaza kuwa vinasaba vya fuvu moja vimelingana kabisa na vya mtu aliye hai huku kwetu: fuvu la akida, mshauri wa Mangi. La Mangi mwenyewe halikuwamo. Mnaimba mashine, mashine, lakini mashine ingelinganisha na nini kama familia za huku zisingetoa mate yao?

Kwa hiyo ushauri wangu: kaa na wazee. Jifunze nyonga kabla ya fuvu, ndiyo inayotofautisha vizuri mwanamume na mwanamke. Kibali cha kuchimba huombwa Idara ya Mambo ya Kale, usichimbe kwa kiherehere. Kisha kaa tena na wazee. Ninyi vijana mnapenda koti jeupe la maabara kuliko kigoda cha bibi, na ndiyo maana mtaaibika kama mimi. Aliyelala pale ni mtu wa watu, mpigie hodi. Na baba yako, mdogo wangu, usibishane naye. Muulize bibi yake alizikwa wapi, halafu nyamaza usikilize.

Tulimzika upya siku ya pili, masale mapya juu. Binamu yangu wa bodaboda pale stendi bado ananiita Daktari Tumbaku, mwaka wa kumi na mbili huu. Nauli yake silipi.