Faili la wal limevimba, niweke skripti ya chekipointi kila dakika?

Swali: Habari kaka, nina duka la pembejeo hapa Moshi, programu ya mauzo inatumia databesi ya SQLite kwenye kompyuta ya Ubuntu. Faili la duka.db lina MB 300 tu ila lile la -wal limefika GB 2. Nataka skripti ya kufanya chekipointi kimyakimya kila dakika, niiandikeje?

Jibu: Salama dada, pole na msimu maana najua masika mbegu zinavyogombaniwa. Skripti nitakupa ila sio ya kila dakika, kwa sababu mauzo mapya yanaandikwa kwanza kwenye wal, halafu SQLite inafanya chekipointi yenyewe, yaani wal ikifika kurasa 1000 (kama MB 4 hivi) inahamisha data kwenda faili kuu, duka.db. Sasa lako kufika GB 2 ujue kuna mtu amesimama mlangoni, yaani kuna sehemu ya programu imeanza kusoma na haijamaliza, na akiwa bado anasoma chekipointi haipiti pale alipoanzia wala wal haianzi upya, inaongezeka tu. Hapo hata uifanye kila sekunde ni kazi bure.

Mi ningeanza na ile skrini ya ripoti, inafunguliwa asubuhi inaachwa hivyohivyo mpaka jioni. Duka likiwa linauza andika hii kwenye terminali:

sqlite3 /data/duka.db "PRAGMA wal_checkpoint(PASSIVE);"

Zitakuja namba tatu, angalia ya pili na ya tatu. Ikija mfano 0|480000|1200 basi kurasa laki nne na elfu themanini zipo kwenye wal na zimehamishwa 1200 tu, funga ripoti urudie, ya tatu ikipanda ghafla umeshampata mchawi. Zikiwa sawa tangu mwanzo basi data imehama zamani, ni faili tu halijapungua, maana halipunguagi lenyewe programu ikiwa wazi.

Skripti yenyewe weka kwenye cron (kinachoendesha amri kwa ratiba hapo Ubuntu), saa nne usiku ukishafunga duka:

0 22 * * * sqlite3 -cmd ".timeout 5000" /data/duka.db "PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE);" >> /data/chek.log 2>&1

Asubuhi soma chek.log, 0|0|0 ni safi na wal imerudi sifuri, ikianza na 1 kuna aliyezuia, na cron haitakupigia kelele kwa hiyo lazima usome mwenyewe.

Halafu dada nakuomba sana, USIFUTE lile faili la -wal kwa mkono hata diski ikijaa, mle kuna mauzo ambayo hayajafika kwenye duka.db, ukifuta yamepotea. Na bakapu ndo hivyohivyo, ukikopi duka.db peke yake kwenye flashi umeacha mauzo nyuma, tumia .backup ya sqlite3 inachukua vyote hata watu wakiwa wanauza. Na kama kuna kompyuta ya pili inafungua hiyo databesi kupitia folda ya kushea, acha leo, wal inataka wote wawe kwenye mashine moja.

Nitumie hizo namba tatu ukizipata, kabla na baada ya kufunga ripoti.