Kile Kicheko ni Jibu

Mwanangu Rehema,

Salamu zako nimezipata. Mama yako anasema koti usilivue hata jua likitoka.

Umeniuliza kama ile filamu ya mwaka 1936 ya Sweeney Todd, yule kinyozi muuaji, mliyoitazama na wenzako, ilitengenezwa kutisha au kuchekesha. Na yule Tod Slaughter anayemwigiza kinyozi, mbona anaigiza kupita kiasi, anasugua viganja na kutoa macho mpaka mkavunjika mbavu?

Mimi nasema hajapita kiasi. Anamwigizia mtu aliyekaa kiti cha mwisho kabisa, kule juu. Slaughter alikuwa mtu wa jukwaa. Tangu 1924 aliendesha ukumbi wa Elephant and Castle, kusini mwa London, akifufua mikasa ya karne ya 19, na mikasa ile haikutazamwa kimya. Adui akiingia, anazomewa. Sasa mtu akizomewa na ukumbi mzima afanyeje? Anawageukia, anacheka. Kile kicheko ni jibu, mama. Kwenye filamu wale wazomeaji hawamo, ndiyo maana unamwona mtu mzima anacheka peke yake.

Tazama tena pale kwenye kiti cha kunyolea. Mteja ametoka melini na mali yake, kaketi katulia. Kinyozi anamzunguka kwa maneno matamu, anamnyenyekea, huku sisi tunajua kiti kile kitapinduka na mtu atatua chini ya sakafu. Yule mteja ndiye pekee asiyejua. Na zile pai za jirani, filamu haitamki zina nyama gani. Wewe ulijua ni ya wale wateja, sivyo?

Ukitaka kumwelewa vizuri, tafuta filamu yake nyingine, Maria Marten ya 1935, mkasa wa msichana aliyeuawa. Mkasa haujaanza, mtu anasimama jukwaani anawatambulisha wahusika mmoja mmoja. Enzi zetu tulikuwa tunaulizana mlangoni mwa sinema, "Stelingi nani? Adui nani?" Hawa wanakujibu hata hujauliza. Mauaji yenyewe ni ya kweli, yalitokea kijiji cha Polstead, Suffolk, Uingereza, mwaka 1827. Muuaji, William Corder, alinyongwa mwaka uliofuata, kijana wa miaka 25. Slaughter alimwigiza akiwa na miaka kama 50! Hakuna aliyejali, walimtaka adui aliyeiva.

Pesa za kutengenezea filamu hizi hazikuwepo, hilo ni kweli. Sheria ya 1927 ililazimisha majumba ya sinema ya Uingereza kuonyesha sehemu fulani ya filamu za nyumbani, basi zikatengenezwa chapuchapu. Mapazia yale yanayotikisika usiyacheke sana.

Ila moja kacheke. The Greed of William Hart, filamu yake ya 1948, ni habari ya Burke na Hare, wale wa Edinburgh waliokuwa wakiua watu na kuuza maiti. Wakaguzi wa filamu wakakataza majina halisi yasitajwe, filamu ikiwa imeshapigwa. Ikabidi sauti zibandikwe upya. Kila jina likitajwa, kodolea midomo: mdomo unasema hili, sikio linasikia lile.

Slaughter alifariki 1956 mjini Derby, bado yuko safarini akiigiza Maria Marten ileile jukwaani, zaidi ya miaka 20 baada ya filamu.

Safari hii msitazame kwenye simu. Kusanyeni watu sebuleni, na akiingia tu, mzomeeni. Kisha niambie alipocheka.

Baba yako.