Je, ni wajibu nihame Tanga ili niiokoe dini yangu?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Ngamiani na mama yangu mgonjwa wa kisukari, ambaye macho yake yameanza kufifia. Nimekuwa nikisikiliza mawaidha kwenye simu yanayosema kwamba Muislamu anayeishi katika nchi isiyotawaliwa kwa sheria ya Kiislamu ana dhambi mpaka ahamie nchi ya Waislamu. Nimempata mtu wa kunipeleka Muscat, na nataka kuuza kiwanja alichoniachia marehemu baba. Mama analia kila nikitaja safari, wala hajui kwamba dalali amekwisha kuja kukiona kiwanja. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonikaa moyoni ni yale maneno uliyoyaandika ukingoni mwa karatasi, kwamba kila alfajiri humpima mama yako sukari, ukamchoma sindano yake, kisha ndipo ushike njia ya msikitini. Nitakujibu nikiwa nayo hayo mbele yangu.

Aliyekupa mawaidha hakuyatunga. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 97, malaika wanawauliza waliojidhulumu nafsi zao: je, ardhi ya Mwenyezi Mungu haikuwa na wasaa mkahamia humo? Na wapo wanavyuoni walioshikilia msimamo mkali, kama al-Wansharisi, aliyeandika mwaka 1491 kwamba Waislamu wa Andalusi, yaani Hispania, waliobaki chini ya watawala Wakristo walipaswa kuhama. Lakini aya ile iliwahusu watu waliobaki Makka, mji uliokuwa ukiwatesa Waislamu kwa sababu ya imani yao, na aya inayofuata inawatoa lawamani wanyonge wasio na uwezo wala njia. Tanga si Makka ile. Hapa adhana inasikika mtaa hadi mtaa, madrasa zimejaa watoto, na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inakulindia uhuru wa kuabudu.

Tena ukumbuke hijra ya kwanza, yaani kuhama kwa ajili ya dini, ilikwenda wapi. Karibu mwaka 615, Waislamu walioteswa walivuka bahari kwenda Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, Najashi, kwa kuwa kwake hakudhulumiwa mtu. Jaafar bin Abi Talib, mmoja wao, alibaki huko mpaka mwaka 628, ilhali Mtume (s.a.w.) alikwisha kuhamia Madina tangu 622, na aliporejea alipokewa kwa furaha, hakulaumiwa kwa ile miaka sita. Al-Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, alisema kwamba Muislamu anayeweza kuidhihirisha dini yake katika nchi ya wasio Waislamu ni bora abaki kuliko kuondoka, kwa kuwa hutarajiwa wengine wasilimu kwa sababu yake. Na katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari imo habari ya bedui aliyeuliza kuhusu hijra. Mtume akamwambia kwamba jambo hilo ni zito, akamuuliza kama ana ngamia na kama anawatolea zaka, kisha akamwambia afanye amali hata nyuma ya bahari, kwani Mwenyezi Mungu hatampunguzia chochote katika amali zake. Sisi watu wa pwani neno hilo tulipaswa kulijua kwa moyo.

Sasa nije kwa mama, maana hapo ndipo ninapoona uzito wote wa barua yako. Abu Daud, mkusanyaji mwingine wa hadithi, amepokea kwamba mtu mmoja alikuja kutoa ahadi ya hijra, akasema amewaacha wazazi wake wakilia. Mtume akamwambia arudi akawachekeshe kama alivyowaliza. Huyo alikuwa akihamia kwa Mtume mwenyewe, mwanangu, na bado alirudishwa.

Ikiwa ukweli ni kwamba unatafuta kazi, riziki ni halali na hakuna aibu kuisema, ila usiivike kanzu ya hijra. Katika nchi nyingi za Ghuba kibali cha kuishi cha mfanyakazi kimefungwa na mwajiri wake. Kazi ikikatika, nawe huna budi kuondoka, na hapo utarudi Ngamiani huna kiwanja. Mjomba wangu alikuwa na wana wanne ng'ambo, na siku ya maziko yake jeneza lilibebwa na majirani. Sijaisahau siku ile.

Kesho mwambie dalali asirudi. Jioni, mama akishakula, kaa naye mkekani umweleze kila kitu, hata habari ya dalali, kabla hajaisikia kwa jirani. Kisha nenda na swali lako kwa sheikh wa msikiti unaosali, anayekujua wewe na anayeujua ugonjwa wa mama yako, umsomee hiyo barua uliyoniandikia, pamoja na yale maneno ya ukingoni.