Kabla hujapunguzwa mfuko wa chakula

Dada yangu, umesema una kilo 128, sukari na presha, na mwezi ujao unafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili uzito ushuke. Unaogopa kisu, tena unataka mtoto upesi. Nakuelewa, mimi nilifanyiwa miaka minne iliyopita.

Kisu sicho kilichonitesa. Kilichonitesa ni wiki mbili za kabla, maziwa na supu nyepesi tu ili ini lisinyae daktari apate nafasi, na miezi iliyofuata. Wanaondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko. Niliporudi nyumbani nilikunywa maji kwa kijiko cha chai, kikombe kimoja saa nzima. Ugali niliurudia baadaye sana: tonge moja la ukubwa wa kidole gumba, nikashiba. Mwezi wa nne nywele zikajaa kwenye kitana. Nililia. Zimeota tena.

Ukianza kula, tanguliza yai, samaki au maharage, na usinywe maji wakati wa kula. Vitamini utameza maisha yako yote.

Mtoto asubiri miezi 12 hadi 18. Ongea mapema na daktari kuhusu njia ya kuzuia mimba, kwa sababu uzito ukishuka mimba hushika kirahisi. Dozi za sukari na presha usijipunguzie mwenyewe, na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usiiguse bila kumuuliza daktari.

Siku za mwanzo ukipata homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo, nenda hospitali usiku huo huo. Tafadhali usingoje siku ya kliniki.