Muulize mzee kile asichotaka kunyang'anywa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwamba anaunda roboti ya kuwakumbusha wazee dawa, akataka nimshauri kamera ya kununua. Nikamuuliza: mzee akiwa na wageni sebuleni, roboti yako itafanyaje? Kimya. Basi nawajibu wote hapa, maana najua mnaonisoma mnataka kitu kimoja: mashine iingie nyumbani kwa mtu na isitupwe stoo.

Kwenye mradi mmoja niliofanyia kazi tulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu wa kupiga shati pasi hata siku ambayo hatoki. Saa ya dawa ikifika, roboti ilimfuata na kutaja dawa kwa sauti. Siku hiyo ametembelewa na wanafunzi wake wa zamani, ikaja ikamtangazia dawa ya kibofu mbele yao. Hakusema neno. Walipoondoka akaichomoa kwenye umeme, akaifunika kwa kitambaa cha meza. Wenzangu wakaandika kwenye ripoti: "Mtumiaji amesahau kuchaji."

Kwamba sauti hiyo ingemwaibisha mbele za watu, nilikuwa nimeshalisema mapema. Mkuu wa mradi akanijibu kuwa wazee hawajui wanachotaka, na kwamba mimi kazi yangu ni kuhoji, si kubuni. Baadaye sauti ikaondolewa, mzee akapewa saa ya mkononi inayotetema, akaivaa bila ubishi. Sifa wakachukua wengine. Sijasahau, na najua baadhi yao wanasoma hapa.

Kwa hiyo, wenzangu, msianze na orodha ya mambo ambayo mzee hayawezi tena. Anzeni na yale asiyokubali kunyang'anywa: heshima yake, faragha yake, uamuzi wake. Si wazo langu jipya. Batya Friedman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake wanasisitiza tangu miaka ya 1990 kwamba yale mtumiaji anayoyathamini yaingie kwenye usanifu tangu mwanzo. Mwaka 2012 watafiti Amanda Sharkey na Noel Sharkey walionya kuwa roboti za wazee zinaweza kuwapunguzia faragha na uhuru, hata kuwafanya waonekane watoto. Mfikirieni PARO, ile roboti ya kufariji kutoka Japani yenye umbo la sili (mnyama wa baharini) na manyoya: yupo mzee atakayempakata afarijike, na yupo atakayeona amepewa mwanasesere. Umri wao unaweza kuwa mmoja, wanachokithamini kikawa tofauti kabisa.

Na msimuulize binti yake peke yake! Binti anataka usalama, mama anataka mlango wake ufungwe. Wote wana haki, lakini anayeishi na mashine ni mama. Mpeni kitufe cha kuinyamazisha, na kila akikibonyeza taarifa isikimbilie kwenye simu ya binti. Kisha mrudieni baada ya muda, hasa akiwa ameanguka au ametoka kuugua. Aliyekataa kamera kabisa anaweza sasa kuikubali ukumbini na bado akaikataa chumbani, na chumbani msiiweke.